Dawa za moyo katika tiba ya wasiwasi sugu: zinavyofanya kazi, zinapofaa na hatari zake

MOYO kwenda mbio, viganja kulowa jasho, mikono kutetemeka, koo kukauka na tumbo kusokota ni ishara ambazo karibu kila binadamu amewahi kuzionja. Waswahili husema mtu huyo ana tumbojoto, au roho yake iko juu juu. Kwa wengi, hali hiyo hupita mara tu jambo linalotisha linapokwisha, liwe ni mtihani, mahojiano ya kazi, kesi mahakamani au hotuba mbele ya halaiki ya watu.

Hata hivyo, wapo ambao hali hiyo haiwabanduki. Huamka nayo, hushinda nayo na hulala nayo, hata pasipo na jambo mahususi la kuogopa. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa katika mwaka wa 2019 watu milioni 301 ulimwenguni walikuwa wakiishi na maradhi ya wasiwasi, idadi iliyoyafanya kuwa maradhi ya akili yaliyoenea kuliko mengine yote.

Miongoni mwa dawa ambazo wagonjwa hawa hupewa, na ambazo wengine hujinunulia wenyewe au hupokezana na jamaa na majirani, ni zile zinazoitwa vizuizi vya beta. Asili yake ni dawa za moyo. Inayotumiwa zaidi kwa wasiwasi ni propranololi, ingawa wapo madaktari wanaotumia atenololi na nyinginezo za kundi hilo. Ni dawa za bei nafuu, zimetumiwa kwa zaidi ya miaka 60 na hazimfanyi mtu kuwa mraibu. Sifa hizo ndizo zinazowafanya wengi kudhani kwamba hazina madhara. Dhana hiyo si sahihi, na kwa baadhi ya watu inaweza kugharimu maisha.

Wasiwasi wa kawaida na wasiwasi sugu

Wasiwasi wenyewe si ugonjwa. Ni kinga ya mwili. Mtu anapokabiliwa na hatari, ubongo huamrisha tezi za adrenali, zilizo juu ya mafigo, kumwaga adrenalini katika damu. Papo hapo moyo hupiga kwa kasi na kwa nguvu, pumzi huongezeka, misuli hukaza na damu huelekezwa kwenye viungo vinavyohitajika ili mtu akimbie au apigane.

Wasiwasi huwa maradhi unapodumu pasipo sababu inayolingana nao na kuvuruga maisha ya mtu. Kwa mujibu wa kigezo kinachotumiwa na madaktari wa akili wa Marekani, mtu huhesabiwa kuwa na wasiwasi sugu wa jumla iwapo amehangaika kupita kiasi kuhusu mambo mbalimbali, katika siku nyingi zaidi kuliko zile alizotulia, kwa muda wa miezi sita au zaidi. Huambatana na uchovu, kukosa usingizi, hasira za haraka, maumivu ya misuli na kushindwa kumakinika.

Upo pia wasiwasi unaokuja kwa kishindo na kumfanya mtu aamini kuwa anakufa kwa moyo, na ule wa kuogopa macho ya watu, unaomfanya mtu akwepe mikutano, harusi na hata madarasa. Kila aina ina njia yake ya kutibiwa, na ndiyo maana dawa iliyomfaa mmoja huenda isimfae mwenzake.

Asili ya dawa hizi

Vizuizi vya beta ni matunda ya kazi ya mwanasayansi Mskoti, James Black. Kabla yake, mwaka wa 1948, Mmarekani Raymond Ahlquist alikuwa ametoa nadharia kwamba adrenalini hufanya kazi kupitia aina mbili za vipokezi vilivyo katika viungo vya mwili, naye akaviita alfa na beta.

Black, ambaye babake alikuwa amefariki kwa maradhi ya moyo, alijiuliza swali lililopindua fikra za wakati huo. Madaktari walikuwa wakitafuta jinsi ya kuupelekea moyo mgonjwa damu na oksijeni zaidi. Yeye aliona ni heri kuupunguzia moyo kazi ili oksijeni iliyopo iutoshe. Akiwa katika kampuni ya ICI nchini Uingereza, aliongoza kazi iliyozaa propranololi, ambayo ilianza kutumiwa na wagonjwa katikati ya miaka ya 1960. Mwaka wa 1988, Black alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Gertrude Elion na George Hitchings. Aliaga dunia mwaka wa 2010.

Dawa hiyo ilikusudiwa watu wenye maumivu ya kifua yatokanayo na moyo kukosa damu ya kutosha. Baadaye ilianza kutumiwa pia kwa shinikizo la damu, mapigo ya moyo yasiyo sawa, kipandauso, mitetemeko ya mikono na dalili za tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi.

Jinsi zinavyofanya kazi

Mfano wa ufunguo na kufuli husaidia kueleza. Adrenalini ni ufunguo, na vipokezi vya beta ni makufuli. Ufunguo ukiingia, moyo hupiga kwa kasi. Kizuizi cha beta hukaa katika tundu la kufuli bila kulifungua, hivyo ufunguo halisi ukifika hukuta nafasi imekwisha kuchukuliwa. Adrenalini ingali katika damu, lakini amri yake haifiki.

Makufuli hayo ni ya aina kadhaa. Beta ya kwanza imo zaidi moyoni. Beta ya pili imo katika mapafu, mishipa ya damu na misuli ya viungo. Atenololi hulenga zaidi ile ya kwanza, ilhali propranololi huzuia zote mbili. Mtetemeko wa mikono hutokana hasa na beta ya pili iliyo katika misuli, na ndiyo sababu propranololi huweza kuutuliza. Lakini beta ya pili ndiyo pia inayoiweka wazi mirija ya pumzi. Kwa hivyo, tabia ile ile ya dawa inayotuliza mkono wa mtu mmoja ndiyo inayoweza kukifunga kifua cha mwingine.

Jambo muhimu zaidi ni kwamba dawa hizi hutuliza mwili, si mawazo. Mzazi anayekosa usingizi akiwazia karo, au mfanyakazi anayehofu kufutwa, ataendelea kuwaza yayo hayo hata baada ya kumeza tembe. Kinachopungua ni mshindo wa moyo, jasho na mitetemeko.

Je, kuutuliza mwili kuna faida gani ikiwa fikra ni zile zile? Mwaka wa 1884, mwanafalsafa na mwanasaikolojia Mmarekani William James alitoa hoja kwamba hisia za mwili ni sehemu ya hofu yenyewe, wala si matokeo yake tu. Mtu husikia moyo ukienda mbio, akaogopa kwamba ana ugonjwa au kwamba watu wanamwona akitetemeka, na hofu hiyo ikauongezea moyo kasi. Kwa mtu wa namna hii, kuukata mnyororo huo katika pete ya mwili kunaweza kumpa nafuu ya kweli.

Utafiti unasema nini

Mwaka wa 1966, madaktari Granville-Grossman na Turner walichapisha katika jarida la The Lancet la Uingereza utafiti uliolinganisha propranololi na tembe zisizo na dawa yoyote kwa wagonjwa wa wasiwasi. Propranololi ilisaidia, lakini hasa katika dalili za mwili.

Mwaka wa 1974, madaktari Peter Tyrer na Malcolm Lader waliwagawa wagonjwa wao kwa makundi mawili: wale ambao wasiwasi wao ulijitokeza zaidi mwilini, na wale ambao ulijitokeza zaidi akilini. Propranololi iliwafaa wa kundi la kwanza kuliko tembe bandia. Kwa wale wa kundi la pili, diazepamu ndiyo iliyofua dafu. Idadi ya wagonjwa ilikuwa ndogo, lakini tofauti hiyo imebaki kuwa mwongozo wa madaktari hadi leo.

Mwaka wa 1977, watafiti wengine waliwapa wanamuziki wa ala za nyuzi dawa iitwayo oksiprenololi, jamaa ya propranololi, kabla ya kupiga ala zao mbele ya wasikilizaji. Woga wa jukwaani ulipungua na upigaji wao ukaboreka.

Hata wanamichezo wameitambua nguvu hiyo. Kutulia kwa mkono ni manufaa makubwa kwa mlenga shabaha, na kwa sababu hiyo vizuizi vya beta vimepigwa marufuku katika michezo kama kulenga shabaha kwa bunduki na kwa upinde. Katika Michezo ya Olimpiki ya Beijing mwaka wa 2008, Kim Jong-su wa Korea Kaskazini alipokonywa nishani mbili, ya fedha na ya shaba, baada ya kupatikana na propranololi.

Lakini mambo hubadilika inapokuja kwa wasiwasi sugu. Mwaka wa 2016, watafiti kutoka Uholanzi walikusanya na kuchambua majaribio yaliyokuwa yamefanywa kuhusu propranololi na maradhi ya wasiwasi. Waligundua kuwa majaribio hayo yalikuwa machache na madogo, na kwamba hayakutosha kuifanya propranololi kuwa tiba ya kawaida ya maradhi hayo. Nchini Uingereza dawa hiyo imeidhinishwa kwa dalili za wasiwasi. Nchini Marekani haijawahi kuidhinishwa kwa kazi hiyo, ingawa madaktari wana uhuru wa kuiagiza.

Zinapofaa

Kutokana na hayo, vizuizi vya beta hufaa zaidi pale ambapo hofu ni ya muda, inajulikana itakuja lini, na inajidhihirisha mwilini. Mfano ni mwanafunzi wa chuo kikuu atakayetetea tasnifu yake, mwimbaji wa kwaya atakayesimama peke yake, au wakili anayetetemeka kila anapoinuka mbele ya jaji. Dawa huanza kufanya kazi katika muda wa saa moja hivi, na nguvu yake hupungua baada ya saa chache.

Madaktari huwashauri watu kama hao kuijaribu dawa kwanza siku ya kawaida wakiwa nyumbani. Siyo busara mtu kugundua kwamba dawa inamletea kizunguzungu akiwa tayari jukwaani.

Kwa wasiwasi wa kila siku, mwongozo wa dawa nchini Uingereza hutaja miligramu 40 mara moja kwa siku, zikiongezwa hadi mara tatu kwa siku ikihitajika. Kiwango hicho si cha mtu kujipimia, kwani umri, mapigo ya moyo, hali ya ini na dawa nyingine anazotumia mgonjwa hukibadilisha. Daktari anaweza pia kumpa mgonjwa propranololi kwa kipindi kifupi wakati tiba nyingine inayochukua wiki kadhaa ikisubiriwa kufanya kazi.

Upo mtego mwingine ambao wanasaikolojia hutahadharisha dhidi yake. Mtu anayemeza tembe kabla ya kila mkutano, kila safari na kila simu, huja kuamini kuwa ni tembe iliyomwokoa, si uwezo wake mwenyewe. Woga huwa haujapungua, bali umepata mkongojo. Siku atakaposahau dawa nyumbani, huenda hofu ikawa kubwa kuliko awali.

Wasiopaswa kuzitumia

Wa kwanza ni wenye pumu. Propranololi inaweza kuibana mirija ya pumzi na kusababisha shambulio kali. Hatari huongezeka kwa kuwa salbutamoli, dawa ambayo wenye pumu huivuta kwa inhela ili kufungua kifua, hutumia vipokezi vile vile vya beta ya pili ambavyo propranololi imevifunga. Mgonjwa hujikuta anavuta dawa yake ya kumwokoa nayo haimsaidii kama alivyozoea. Mtu aliyewahi kuugua pumu utotoni naye hana budi kumweleza daktari, hata ikiwa amekaa miaka mingi bila kushikwa.

Wengine ni wale ambao mapigo yao ya moyo ni ya polepole mno, wenye shinikizo la chini la damu, wenye kasoro katika njia za umeme wa moyo, na wale ambao moyo wao umeshindwa kusukuma damu vyema na hali hiyo haijadhibitiwa. Kuichanganya dawa hii na verapamili, dawa nyingine ya moyo, kunaweza kuyapunguza mapigo kwa kiwango cha hatari.

Wenye kisukari wanaotumia insulini au tembe za kushusha sukari wanahitaji uangalifu wa pekee. Sukari inaposhuka kupita kiasi, mwili hutoa onyo kwa moyo kwenda mbio na viungo kutetemeka. Kizuizi cha beta huzificha ishara hizo, hivyo mgonjwa anaweza kuzirai bila kujua kilichokuwa kikija. Jasho ni mojawapo ya dalili chache zinazobaki.

Wajawazito hawapaswi kuianza bila daktari kupima faida na madhara. Aidha, baadhi ya dawa za mfadhaiko, kama fluoksetini, huweza kuongeza kiwango cha propranololi katika damu.

Kwa watumiaji wa kawaida, madhara yanayojitokeza mara nyingi ni uchovu, mikono na miguu kuwa baridi, kizunguzungu, usingizi wa mang'amung'amu na ndoto za kutisha. Propranololi huyeyuka katika mafuta na kwa hivyo hupenya hadi ubongoni, jambo linaloeleza ndoto hizo.

Hatari ya kuacha ghafla na ya kuzidisha

Mtu aliyeitumia dawa hii kila siku kwa muda mrefu hapaswi kuiacha ghafla. Vipokezi vilivyozuiwa kwa muda huwa vimeongeza usikivu, na kizuizi kikiondolewa mara moja adrenalini huupiga moyo kwa nguvu mpya. Mwenye maradhi ya moyo, hata yasiyogunduliwa, anaweza kupata maumivu makali ya kifua au mshtuko wa moyo. Kiwango hupunguzwa hatua kwa hatua kwa maelekezo ya daktari.

Hatari kubwa zaidi ni kumeza kiasi kikubwa. Propranololi iliyozidi huporomosha mapigo ya moyo na shinikizo la damu, huweza kuleta degedege, na hali ya mgonjwa hubadilika kwa kasi. Mwaka wa 2020, asasi ya kuchunguza usalama wa wagonjwa nchini Uingereza ilitoa ripoti iliyoonya kwamba hatari hiyo haifahamiki vya kutosha hata miongoni mwa wahudumu wa afya. Wasiwasi na mfadhaiko mara nyingi huandamana, na mgonjwa aliyekata tamaa hafai kuachiwa akiba kubwa ya dawa hii. Anayeshukiwa kuzidisha apelekwe hospitalini mara moja, hata kama bado anaonekana mzima. Tembe nazo ziwekwe mbali na watoto.

Nchini Kenya, propranololi ni dawa inayotakiwa kuuzwa kwa agizo la daktari. Hata hivyo, si siri kwamba wapo wanaoipata dukani bila kuulizwa swali lolote. Muuzaji asiyeuliza kuhusu pumu huenda akawa amemuuzia mteja kitanzi.

Kuchunguza kabla ya kutibu

Si kila moyo unaokwenda mbio una wasiwasi. Tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi huleta jasho, mitetemeko, kukonda na kukosa utulivu. Upungufu wa damu na kasoro za mapigo ya moyo nazo hufanana na wasiwasi. Propranololi inaweza kuzipunguza dalili hizi na hivyo kuuficha ugonjwa ambao ungegunduliwa kwa kipimo cha damu au cha umeme wa moyo.

Mazoea ya kila siku nayo yachunguzwe. Miraa, kahawa, chai ya rangi nzito na vinywaji vya kuongeza nguvu huuchochea moyo. Pombe humtuliza mtu usiku na kumwamsha alfajiri akiwa na wahaka mkubwa kuliko wa jana. Kupunguza vitu hivi ni tiba isiyogharimu chochote.

Tiba inayogusa mzizi

Kwa wasiwasi sugu, mwongozo wa WHO wa mwaka wa 2023 unapendekeza tiba za kisaikolojia, hasa zile zinazomfundisha mgonjwa kuyatambua mawazo yanayomtia hofu, kuyapima ukweli wake na kuyakabili polepole mambo anayoyakwepa. Upande wa dawa, zinazopewa kipaumbele ni zile zinazoongeza nguvu ya serotonini ubongoni, kama setralini, ambazo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu. Diazepamu na jamaa zake hazipendekezwi kwa sababu huleta uraibu.

Ni kweli kwamba wanasaikolojia na madaktari wa akili ni wachache nchini, na wengi wao wako mijini. Lakini tiba ya mazungumzo haihitaji daktari bingwa kila mara. Katika utafiti uliofanywa jijini Nairobi na kuchapishwa mwaka wa 2017, wahudumu wa afya wa kijamii, ambao si wataalamu wa akili, walipewa mafunzo ya kuendesha vikao vitano vya kuwafundisha wanawake waliodhulumiwa jinsi ya kutatua matatizo na kutuliza mwili. Miezi mitatu baadaye, dhiki yao ilikuwa imepungua kuliko ya wenzao waliopata huduma ya kawaida ya kliniki.

Kuvuta pumzi polepole kwa kutumia tumbo, mazoezi ya mwili na usingizi wa saa zisizobadilika pia hupunguza ishara zile zile ambazo vizuizi vya beta huzizuia.

Maswali ya kumuuliza daktari

Mgonjwa anayeandikiwa propranololi ana haki ya kuuliza: Je, nimepimwa mapigo ya moyo na shinikizo la damu? Nimeulizwa kuhusu pumu, kisukari na dawa nyingine ninazomeza? Niitumie kila siku au siku za shughuli maalumu tu? Nitaitumia hadi lini, na nitaiachaje? Kuna mpango gani wa kutibu wasiwasi wenyewe?

Swali hilo la mwisho ndilo husahaulika zaidi. Ikiwa jibu ni kwamba hakuna mpango mwingine ila tembe, mgonjwa wa wasiwasi sugu anafaa kuomba kuelekezwa kwa mshauri nasaha au kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya kaunti. Na aliyepewa tembe na jirani kwa maelezo kwamba zilimsaidia, azirejeshe bila kumeza hata moja hadi atakapopimwa.